Namna ya kukereka kwa Kiingereza: mwongozo kamili kwa mtu wa Mwanza

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni, karani kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, alikuja siku moja na barua pepe aliyomwandikia mnunuzi wa Ulaya. Malipo yalikuwa yamechelewa wiki tatu, na ahadi ilishatolewa mara mbili. Kwa Kiswahili angesema neno moja tu, "Mmetuboa," na Kirumba nzima ingemwelewa. Akaandika "We are very bored with you." Jibu lilirudi kesho yake, la adabu kabisa: mnunuzi aliomba radhi kama maelezo yake yalikuwa marefu, akaahidi siku nyingine kuandika kwa kifupi. Kuhusu hela, hakuna neno.

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka. Lakini Kiingereza chake hakikuwa kibaya. Sarufi ilikaa sawa, hata nukta zilikuwa mahali pake. Alichokosa ni lugha ya kukereka, na hiyo shuleni hatuipewi. Tunafundishwa kuomba ruhusa, kusimulia likizo, kuandika barua ya kuomba kazi. Hakuna mwalimu anayesimama ubaoni akakufundisha kusema "sasa imetosha" mbele ya mteja, bila kumtukana na bila kuonekana mnyonge.

Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya makarani, wahudumu wa mapokezi, vijana wanaopeleka wageni Serengeti kwa lango la Ndabaka, wanafunzi, na yeyote ambaye kazi yake inamkutanisha na watu wa Kiingereza. Usizisome zote kwa siku moja. Hatua ya pili peke yake inatosha wiki.

Hatua ya kwanza: pima kero kwa Kiswahili kwanza

Kabla hujatafuta msemo wa Kiingereza, jiulize umefika wapi. Kiswahili chetu kina ngazi nyingi za jambo hili, na tunazipanda na kuzishuka bila hata kufikiri. Kuna amenikwaza, ambalo watu wa kanisani hulitumia kwa jeraha dogo la moyo. Kuna ameniboa. Kuna ananizingua, la vijana. Kuna amenikera, ameniudhi, amenichosha. Halafu unafika kwenye nimemkinai, amenichefua, na mwisho ule mkono unaopanda wenyewe hadi kooni: yamenifika hapa.

Mtu huyohuyo mwenye ngazi zote hizo akihamia Kiingereza anabaki na neno moja, "angry", analitumia kwa konda aliyemzidishia nauli na kwa fundi aliyemdhulumu laki tatu. Sasa, "angry" si neno dogo. Mgeni akisikia mhudumu wa mapokezi anamwambia "I am angry with you", anasikia ugomvi. Anatazama mlango ulipo.

Chukua daftari, andika mambo matano yaliyokukera wiki hii, kisha kila moja ulipe alama: moja kama limekukwaruza tu, mbili kama umelichoka, tatu kama umefika mwisho. Ya kwangu wiki hii ni haya. Konda ambaye harudishi chenji mpaka umkumbushe mara tatu: moja. Vile vijidudu vya ziwani vilivyoingia kwenye chai yangu na kufa humo: moja. Jirani anayechoma taka za plastiki jioni nguo zikiwa kambani: mbili. Fundi aliyeniambia "kesho" tangu mwezi uliopita: tatu. Na la tano ni mtu anayenitumia ujumbe wa "mambo", nikamjibu "poa", halafu akanyamaza siku nzima. Hilo nalipa mbili, ingawa mke wangu anasema ni moja na kwamba tatizo ni mimi.

Weka orodha hiyo karibu. Tutaitumia.

Hatua ya pili: yaogope maneno manne

Makosa mengi hayatokani na kutojua misemo. Yanatokana na maneno yetu manne ambayo yana pacha wa uongo upande wa pili.

La kwanza umeshaliona: kuboa. Tulilichukua kwa Waingereza, tukalilea wenyewe, likakua na tabia nyingine. Kwao "bore" ni kumchosha mtu kwa kukosa mvuto, kama hotuba ndefu ya mgeni rasmi kwenye jua. Kwetu mtu anaweza kukuboa kwa kutokuja kwenye miadi, na hapo hakuna uhusiano wowote na kupiga miayo. Ukitaka kusema ameniboa kwa maana ya kuvunja ahadi, sema "He let me down." Kwa maana ya kukera, "That really annoyed me." Na jihadhari sana na "I am boring", maana hapo umejitangaza mwenyewe kwamba wewe ni mtu asiye na ladha.

La pili ni kusumbua, nalo ndilo baba wa makosa yote Mwanza. Tumelisoma kwenye mlango wa hoteli, "Do not disturb", tukadhani "disturb" ni kusumbua kokote. Kumbe neno hilo ni la kumkatiza mtu aliyelala au anayefanya kazi. Na likivaa "-ing" likawa sifa, "disturbing", maana yake inabadilika kabisa: ni kitu kinachotia hofu, kinachochafua moyo, kama picha za ajali. Mama akisema "My son is very disturbing", msikilizaji wake anawaza kama mtoto amechinja paka. Sema "He's giving me a hard time." Mtandao ukisumbua, Mwingereza anasema "It's playing up", Mmarekani anasema "It's acting up". Jino likisumbua, "It's bothering me." Mtu anayepiga simu kila baada ya dakika kumi, "He keeps pestering me." Na kama ni kuzinguliwa hasa, unaambiwa njoo saa nne, ukifika unaambiwa rudi saa nane, basi "They're messing me around" inakaa pale pale.

La tatu, kuchoka. "I am tired" ikisimama peke yake ni usingizi na miguu. Ili iwe kero lazima ifuatwe na "of": "I'm tired of waiting." Ukiweka "from", unarudi kwenye miguu: umechoka kwa sababu ya kazi, hujakereka.

La nne ni "upset". Wengi hapa hulitumia kama kukasirika. Ndani yake mna huzuni nyingi kuliko hasira. Ni mtu aliyeumia, pengine analia. Bosi wako akikuandikia kwamba mteja ni "upset", usijiandae kwa vita. Jiandae kubembeleza.

Hatua ya tatu: kero za alama moja

Hapa ndipo penye mazungumzo ya kila siku, kwa hiyo tukae kidogo.

Msemo wa kuanza nao ni "It gets on my nerves." Nerves ni mishipa ya fahamu, kitu kimepanda juu yake na kinaikanyaga. Angalia mpangilio: kinachokera kinatangulia, mishipa inabaki mwisho. "That noise gets on my nerves." Nimesikia watu wakisema "He gets me on nerves", na hapana, haigeuzwi hivyo. Jirani yake ni "It drives me up the wall", kitu kinakukera mpaka unataka kupanda ukutani. Waingereza wana pia "It drives me round the bend", na popote pale duniani "It drives me crazy" inaeleweka.

Kwa vijidudu vya ziwani nakupa zawadi: "It bugs me." Bug ni mdudu, na kama kitenzi ni kukera kidogo kidogo, kama mdudu asiyeuma lakini haondoki. Aliyewahi kukaa nje jioni pale wingu la wale wadudu linapotua kwenye taa hahitaji maelezo zaidi. "It really bugs me when people don't give back change." Konda wangu ameshapata sentensi yake.

Kisha kuna mtu ambaye hajakufanya lolote ila mkikutana tu damu zenu haziendani. Huyo "rubs me up the wrong way". Picha ni ya paka: mpapase kutoka kichwani kwenda mkiani, atakoroma kwa raha, mpapase kinyume, atakuchana. Wamarekani wanaiondoa "up" na kusema "rubs me the wrong way". Huu ni msemo wa adabu, unaweza kuutumia hata juu ya mfanyakazi mwenzako, kwa sababu haumlaumu. Unasema tu manyoya yenu yamelala pande tofauti.

Na kile kijambo kimoja ambacho wengine hawakioni hata kama kosa lakini wewe kinakumaliza, Wamarekani hukiita "pet peeve" na Waingereza "pet hate". Pet ni mnyama wa kufugwa nyumbani, anayependwa. Yaani hii ni kero unayoifuga. Inalala kitandani kwako. Ya "mambo" ndiyo yangu.

Sasa sarufi, na naomba usiruke. Linganisha "You always come late" na "You're always coming late." Shuleni tuliambiwa jambo la mazoea linatumia wakati uliopo wa kawaida, kwa hiyo ya pili ingeonekana kosa. Si kosa. Ya kwanza ni taarifa, kama ile "-ga" yetu ya Kanda ya Ziwa ambayo watu wa Dar es Salaam hutucheka nayo: huyu anachelewaga. Ya pili ina taarifa na kero humohumo: wewe kila siku ni kuchelewa tu! Hiyo "ni kuchelewa tu" ndiyo "-ing" yao. Ukimsikia mzungu anasema "They're always changing the price", elewa kwamba hasimulii bei. Analalamika. Na wewe ukitaka kulalamika bila kutaja kwamba umekasirika, tumia mlango huohuo: "He's always promising and never delivering."

Njia nyingine ya upole ni "I wish you wouldn't do that", ambayo kwa maneno ni ombi na kwa sauti ni karipio. Ukiambiwa hivyo na mgeni, acha unachofanya.

Hatua ya nne: umekinai

Kiswahili kina kitenzi kitamu sana kwa hatua hii, nacho ni kukinai: umekula wali na dagaa siku tano mfululizo, siku ya sita ukiiona sahani tu unageuza uso. Waingereza wamefika hapohapo kwa njia ya tumbo. "Fed" ni kulishwa. "Fed up" ni kulishwa mpaka basi. Wakitaka kuongeza chumvi wanasema "fed up to the back teeth", chakula kimejaa hadi magegoni. Kwa hiyo unapofundisha au kujifunza msemo huu usiutafsiri kama kukasirika. Utafsiri kama kukinai, na hutausahau.

Unafuatwa na "with": "I'm fed up with the smoke", "I'm fed up with waiting". Utawasikia Waingereza wengi mtaani wakisema "fed up of". Ukiandika, baki na "with".

Dada yake ni "sick of", na ukizidi, "sick and tired of". Hapa kuna shimo. Ukisema "I'm sick" ukanyamaza ili utafute neno linalofuata, watu wameshaanza kukutafutia dawa. Itoe sentensi kwa pumzi moja: "I'm sick of hearing 'tomorrow'." Ndiyo, ile ya fundi.

"I've had enough" inaweza kuwa ya mezani, nimeshiba asante, au ya mlangoni, naondoka. Sauti na uso ndivyo vinavyoamua. Lakini "I've had it up to here" haina utata, kwa sababu inakuja na mkono. Tazama: mkono uleule tunaouweka kooni tukisema yamenifika hapa, wao wanaupandisha hadi kidevuni au juu ya kichwa. Ni nadra lugha mbili kugawana ishara namna hii, itumie bila woga.

Ila usidanganyike na shingo. Sisi tukisema maji yamenifika shingoni, tuna shida, tunakaribia kuzama. Wao wakisema "I'm up to my neck in work" wana kazi nyingi tu, na pengine wanajisifu.

Hatua ya tano: mwisho wa akili, mwisho wa kamba

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na misemo yake miwili mikubwa inaonekana imetungwa na mtu aliyeishi ufukweni mwa ziwa hili.

Wa kwanza ni "I'm at my wits' end." Wits ni akili, maarifa. Umejaribu kila njia, akili imefika ukingoni, mbele hakuna kitu. Maneno haya yamo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi ya 107, na yanahusu mabaharia. Dhoruba imeamka, mawimbi yanawapandisha juu na kuwashusha chini, wanapepesuka kama walevi, na ujuzi wao wote wa chombo umewaishia. Yeyote aliyewahi kutoka Nansio siku ambayo upepo ulibadilika katikati ya maji anaijua hali hiyo kwa tumbo lake. Kwa hiyo "wits' end" si hasira. Ni mtu aliyeishiwa ufumbuzi. Mzazi ambaye mtoto amekataa shule, ameongea naye, ameita wajomba, amemwita mchungaji, anaweza kusema "I'm at my wits' end with him", na hapo anaomba msaada.

Wa pili ni "I'm at the end of my tether." Tether hutamkwa "tedha", kwa ile "dh" yetu ya dhahabu, ambayo kwa bahati sisi tunayo na mataifa mengi hayana. Ni kamba ya kumfungia mnyama malishoni. Mwone yule mbuzi aliyefungwa kwenye kiwanja kitupu Nyegezi: asubuhi amezungukwa na majani, saa nane duara lote ni jeupe, anavuta shingo kuelekea majani ya nje na kamba haitoi tena. Huyo ndiye mimi mbele ya fundi. Hapa ni uvumilivu uliokwisha. Wamarekani husema "end of my rope", maana ileile.

Sasa angalia ajabu. Sisi nasi tuna mbuzi huyohuyo na kamba hiyohiyo: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Kwetu kamba ni nafasi, ni kile ambacho cheo kinakuruhusu kukifikia, na mara nyingi anayesema hivyo anacheka kicheko cha ulaji. Kamba moja, mbuzi mmoja, na lugha mbili zimesimama pande mbili tofauti za mti. Ukimwambia Mwingereza kwamba bosi wako anakula kwa urefu wa kamba yake, atadhani bosi amechoka na maisha.

Kabla ya daraja la Kigongo hadi Busisi kuzinduliwa Juni 2025, foleni ya kivuko ilinipa mifano ya bure kila mwezi: "By the time we got across, I was at the end of my tether." Siku hizi unavuka kwa dakika chache na mimi nimebaki nikitafuta mifano mingine.

Na tone la mwisho? Waingereza hawana tone, wana unyasi: "That was the last straw." Ngamia amebebeshwa mzigo, kila unyasi ni mwepesi, ukaongezwa mmoja na mgongo ukavunjika. Ngamia Mwanza hatuna, weka punda wa mkokoteni. Jambo la kukumbuka ni kwamba unyasi wenyewe lazima uwe mdogo. Fundi alinidanganya mwezi mzima nikavumilia. Siku aliponipigia kuniomba nauli ya kuja, hiyo ndiyo ilikuwa "the last straw".

Ukikutana na mtu asiyesikia la kuambiwa, sisi tunampigia mbuzi gitaa. Wao "it's like talking to a brick wall", unaongea na ukuta wa matofali. Mbuzi wao wamempa kazi nyingine, "it gets my goat", inanikera. Asili yake watu wanabishana, na wewe huhitaji kuijua ili uitumie.

Hatua ya sita: hasira kamili, kwa haraka

"It makes my blood boil" iweke kwa ajili ya dhuluma, mjane aliyenyang'anywa kiwanja, siyo chenji ya shilingi mia mbili. "He hit the roof" na "she lost it" ni za kusimulia baadaye, jinsi mtu alivyolipuka. "He bit my head off" ni alinijibu kwa ukali wakati mimi nimeuliza swali la kawaida. Zote hizi zinazungumza juu ya mtu mwingine au juu ya jana. Mtu aliyekasirika kweli sasa hivi hatumii misemo, na mwanafunzi anayejaribu kugombana kwa Kiingereza cha daftari hushindwa. Gombana kwa Kiswahili.

Hatua ya saba: mjue unayeongea naye ametoka wapi

Mmarekani akisema "I'm mad at you" amekasirika. Mwingereza wa kizazi cha zamani akisikia "mad" anawaza kichaa. "Cross" ni ya Uingereza, ni hasira ndogo ya mama kwa mtoto, Mmarekani haitumii. "Ticked off" kwa Mmarekani ni kukereka, lakini Uingereza "I was ticked off by the manager" ni nilikaripiwa na meneja.

Na kuna "pissed". Marekani ni amekasirika, Uingereza ni amelewa, kote ni neno la mtaani lisilofaa kazini. Muongoza watalii mmoja kijana aliwaambia wazee wawili wa Kiingereza kwamba dereva wao alikuwa "pissed", akimaanisha amekasirishwa na foleni ya Buzuruga. Wazee walikataa kupanda gari.

Hatua ya nane: kuandika ukiwa umekereka

Turudi kwa yule karani. Tulikaa naye tukaiandika upya ile barua, na nitakuonyesha tulivyoijenga, kwa sababu humo ndimo kazi yote ilimo.

Mstari wa kwanza haukuwa na hisia yoyote, tarehe na ankara tu: "I'm writing about our invoice, which was due three weeks ago." Yeye alitaka kuanza na "We are very angry". Nikamwambia tarehe ikiwekwa vizuri inakasirika yenyewe.

Mstari wa pili ulihesabu: "This is the third time we have raised this with you." Neno "third" hapo ndilo kofi. Halikutukana mtu.

Mstari wa tatu ndio wenye kero, na tulichagua "We are disappointed that we have had no clear answer." Hapa alibisha. "Ticha, disappointed si kusikitika tu? Hii ni laini mno." Kwa masikio yetu ni laini, kweli. Lakini katika barua za kazi za Waingereza kero huvaa nguo ndogo kuliko mwili wake. "A little disappointed" ni amekasirika. "Not ideal" ni ovyo. "Somewhat frustrating" ni jambo ambalo ofisini kwao limeshapigiwa kelele. Mhudumu mmoja wa mapokezi aliambiwa na mgeni anayeondoka kwamba bomba la maji ya kuogea lilikuwa "a bit temperamental", yaani lina hasira za hapa na pale. Akatabasamu, akasema "Thank you, welcome again." Mgeni alikuwa anamwambia kwamba ameoga maji ya baridi siku nne.

Mstari wa mwisho ulidai: "We would appreciate payment by Friday." Siku imetajwa, adabu imebaki, na mlango wa kisingizio umefungwa.

Tulichokiondoa ni muhimu kama tulichokiweka. Aliandika "As per my last email", na hiyo kwa wanaoijua ni sawa na kusema hivi wewe husomi? Itumie ukiwa umedhamiria. Aliandika pia "With all due respect", akidhani ni heshima kama shikamoo. Wenyeji wa lugha wakiisikia hujikaza, kwa kuwa kinachofuata ni kukosewa heshima. Na "kindly", ambayo ofisi zetu huimwaga kila sentensi kama chumvi, ikirudiwa mara tatu kwenye ukurasa mmoja inasomeka kama mtu anayeuma meno.

Hatua ya tisa: kejeli na sauti

Nusu ya kero ya Kiingereza haimo kwenye maneno. Umeme umekatika, mgeni anasema "Great. That's all I need." Maneno yanasema safi, hicho tu ndicho nilichohitaji; maana yake ni hilo ndilo lililokuwa limebaki. Kinachokujulisha ni sauti iliyolala chini, bila kupanda popote. "Typical" ya Mwingereza, neno moja tu, ni ndiyo zao hao. "Here we go again" ni yaleyale. "Give me a break" haiombi mapumziko, inasema usinifanye mtoto, na "Get off my back" ni niache nipumue.

Kwa kulalama kwa ghafla tumia "For goodness' sake" au "For crying out loud". Ya pili ilizaliwa watu wakikwepa kulitaja jina la Kristo, na mimi nashauri uendelee kukwepa. Utawasikia wageni wakilirusha jina la Yesu kila kikombe kinapoanguka. Wao wamezoea. Wewe unaishi mtaa wenye makanisa na misikiti, na bibi anayeuza matunda nje ya ofisi anaelewa jina hilo hata kama haelewi sentensi.

Mazoezi

Kila jioni rudi kwenye daftari lako la alama. Kero za moja zipe "bugs me" na "gets on my nerves", za mbili zipe "fed up with", za tatu zipe kamba au unyasi. Sema kwa sauti, siyo kusoma kwa macho. Ukiwa kwenye daladala ya Buhongwa weka simu sikioni ujifanye unaongea na mtu, hakuna atakayekushangaa. Jirekodi ukisema "Great" mara mbili, moja ya furaha na moja ya kero, umpe rafiki asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Akishindwa kutofautisha, rudia.

Na ukiniandikia kuuliza chochote, andika swali lote kwenye ujumbe wa kwanza. Ukituma "mambo" halafu ukanyamaza, nitakujibu kwa Kiingereza.